Goti la Akhwari: Mwanariadha Anapogeuka Mkufunzi wa Akili

Nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang zinajulikana kwa ngano, mahindi, mifugo na baridi ya alfajiri. Zinajulikana pia kwa wakimbiaji. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ingali sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand. Gidamis Shahanga, aliyezaliwa Katesh mwaka 1957, alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978. Miaka 4 baadaye, mjini Brisbane, akatwaa dhahabu nyingine katika mita 10,000. Katika kizazi cha sasa, Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia marathoni ya Valencia ya mwaka 2022 kwa muda wa saa 2, dakika 3 kamili, na mwaka uliofuata akamaliza wa pili Boston.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mapafu na damu ya watu wanaoishi mahali palipoinuka. Makala haya yanahusu kitu kingine ambacho wakimbiaji hawa walikijenga katika mazoezi ya miaka mingi, nacho ni utayari wa akili: uwezo wa kutulia wakati moyo unapodunda, kurudisha mawazo yanapotangatanga, kuyapima maumivu, na kuamua. Miguu ya mwanariadha hustaafu mapema, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 40. Maarifa ya akili hayastaafu. Je, yanaweza kufundishwa? Nani anaweza kuyafundisha, na mpaka wake ni upi?

Swali hili haliwahusu wapenzi wa riadha peke yao. Kijana anayeondoka kijijini kwenda kambi ya mazoezi huacha shule au shamba nyuma yake. Baadhi hurudi na medali. Wengine hurudi na goti bovu, mikono mitupu na aibu isiyosemwa. Atakayempokea si mwandishi wa habari za michezo, bali ni muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama yake, au mkimbiaji mzee wa kijiji aliyepita njia hiyo hiyo.

Wa mwisho aliyefika

Tarehe 20 Oktoba 1968 Akhwari aliiwakilisha Tanzania katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki, Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ilikuwa nyepesi na misuli ilimkaza. Kabla ya kufika nusu ya safari, wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi, aliangushwa. Bega lake liligonga barabara, goti likajeruhiwa, na taarifa za wakati ule zilisema kiungo kilikuwa kimeteguka. Alifungwa bandeji, akasimama, akaendelea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa muda wa saa 2:20:26. Medali zilikwisha kutolewa na jua lilikuwa linazama wakati Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, bandeji ikining'inia mguuni, mbele ya watazamaji wachache waliokuwa wamebaki. Alitumia saa 3:25:27. Alikuwa wa 57, na hakuna aliyemaliza baada yake; wakimbiaji wengine 18 walikuwa wameacha mbio njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma umbali wa maili 5,000 ili aanze mbio, bali ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Mwaka 1983 Akhwari alitunukiwa nishani ya taifa. Alialikwa katika Michezo ya Sydney ya mwaka 2000, akawa balozi wa hisani wa Michezo ya Beijing ya mwaka 2008, na upo mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wanariadha wa Tanzania. Yeye mwenyewe alirudi Mbulu, akalima. Hakuna aliyempa cheo cha mkufunzi wa akili, lakini sentensi yake moja imetumika katika madarasa, makanisa, misikiti, kambi za jeshi na vyumba vya wachezaji katika nchi ambazo hazijui Mbulu iko wapi.

Jambo moja husahauliwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa 5 kwa saa 2:15:05. Mtu aliyebeba mguu wake uwanjani Mexico alikuwa, miaka 2 baadaye, miongoni mwa wakimbiaji bora wa mbio ndefu wa Jumuiya ya Madola. Kwa tabibu, habari hiyo ni kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa maana inaonyesha kwamba jeraha lilipona na kwamba mtu alijijenga upya, siku baada ya siku, pasipo kamera.

Swali ambalo tabibu hana budi kuliuliza

Je, tumwambie kila kijana afanye kama Akhwari?

Goti lililoteguka si jambo dogo. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu uendao mguuni pamoja na neva. Kiungo kinapohama kwa nguvu vinaweza kujeruhiwa, na mshipa ukiziba mguu unaweza kupotea. Leo, mhudumu wa afya aliye kando ya barabara angepapasa mapigo ya damu juu ya unyayo, angeangalia rangi na joto la mguu, angeuliza kama vidole vina ganzi, na penye shaka angemzuia mkimbiaji asiendelee. Kumheshimu Akhwari hakutulazimishi kugeuza jeraha lake kuwa kanuni.

Historia imetupa mfano wa upande wa pili. Tarehe 10 Agosti 2024, katika marathoni ya Olimpiki ya Paris, Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2016 na 2021, alipata maumivu ya mgongo, akaacha mbio baada ya kilomita 30. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni. Huyu ndiye mwanariadha ambaye dunia nzima humtaja kwa nidhamu ya akili. Hakuna mwenye busara atakayesema kwamba akili yake ilikuwa dhaifu siku ile.

Wanariadha hawa wawili hawapingani. Aliyemaliza na aliyeacha wote waliamua wakijua wanachokifanya. Akhwari alijua sababu iliyomleta Mexico, na sababu hiyo ilikuwa kubwa kuliko nafasi atakayoshika. Kipchoge alijua kwamba mwili wake ulikuwa umempa taarifa ambayo haikupaswa kupuuzwa. Utayari wa akili maana yake si kuvumilia kila kitu, bali ni kuona wazi na kuchagua, hata wakati mwili unapopiga kelele. Mkufunzi asiyeujua ubainifu huu ni hatari kwa vijana. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali zote mbili ni zetu, na kazi ya mkufunzi ni kujua ni ipi inayofaa leo.

Njia kutoka uwanjani hadi darasani

Saikolojia ya michezo si taaluma ya jana. Mwaka 1925 Coleman Griffith alifungua maabara ya utafiti wa wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Lakini kwa miongo mingi elimu hiyo haikuwafikia wachezaji wenyewe. Mfano mmoja wa mwanariadha aliyeifuata mwenyewe ni Lanny Bassham, mlenga shabaha wa Marekani. Mwaka 1972 mjini Munich alitarajiwa kushinda, akashindwa na shinikizo, akapata fedha. Aliporudi nyumbani alitafuta mtu wa kumfundisha namna ya kuitawala akili wakati wa mashindano, asipate aliyemridhisha. Basi akawaendea mabingwa wa Olimpiki mmoja mmoja, akawauliza walikuwa wanafikiri nini wakati wa kushinda. Mwaka 1976 mjini Montreal alipata dhahabu. Baada ya hapo akageuza aliyoyakusanya kuwa mafunzo, na ndiyo kazi aliyojulikana nayo tangu hapo.

Katika habari ya Bassham tunaona hatua 3 zinazofaa kuigwa hata pasipo maabara. Kwanza, alikubali kwamba uzoefu wake mwenyewe haukutosha. Pili, aliwasikiliza wengine kwa utaratibu, akatenganisha kilichomfaa yeye na kinachowafaa watu wengi. Tatu, alikipa kila kitu jina na hatua, ili mwanafunzi aweze kukifanya hata mwalimu asipokuwepo.

Hatua ya nne imeongezwa na wakati. Mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu juu ya afya ya akili ya wanariadha wa ngazi ya juu, na mwaka uliofuata ikatoa chombo cha kuwachunguza. Ujumbe wake ulikuwa wazi: wanariadha hupatwa na sonona, wasiwasi uliopitiliza, matatizo ya usingizi, ya ulaji na ya pombe kama watu wengine, na medali haiwakingi. Kwa hiyo mkufunzi wa leo lazima ajue pia mahali ambapo kazi yake inakoma na ya tabibu inaanza.

Vifaa vya kazi na namna vinavyofanya kazi

Hofu kabla ya mashindano ni kazi ya kawaida ya mwili. Ubongo unapoona jambo zito, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga kasi, pumzi hufupika, viganja hulowa, tumbo husokota. Kiasi fulani cha hali hiyo husaidia. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson waliandika mwaka 1908 kwamba msisimko huinua utendaji hadi kiwango fulani, na ukizidi hapo huanza kuushusha, hasa katika kazi ngumu. Mkufunzi wa utayari wa akili humsaidia mwanariadha kukitambua kiwango chake na kurudi hapo anapokipita. Vifaa vyake vikuu ni vichache.

*Pumzi.* Kupumua taratibu, kama mara 6 kwa dakika, kutoa hewa kukiwa kirefu kuliko kuivuta, huamsha sehemu ya mfumo wa neva inayoupoza moyo. Dakika 5 kila siku zinatosha kuanza. Anayesubiri siku ya mashindano ndipo ajifunze kupumua amechelewa.

*Maneno ya kujiambia.* Kila mkimbiaji huzungumza na nafsi yake. Swali ni kwamba anajiambia nini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, watu 24 waliendesha baiskeli ya mazoezi hadi kuchoka kabisa. Waliofundishwa kwa wiki 2 kuchagua na kutumia maneno ya kujitia moyo waliongeza muda wao kwa takriban asilimia 18, na walihisi uzito mdogo wa kazi kuliko awali. Wasiofundishwa hawakupata mabadiliko hayo. Utafiti wa watu 24 ni mdogo, lakini haukusimama peke yake: tafiti nyingi za aina hiyo zimekusanywa pamoja na zinaelekea upande huo huo. Maneno yawe mafupi, ya lugha ambayo moyo unaielewa. Kijana wa Mbulu hana haja ya kujitia moyo kwa Kiingereza ikiwa Kiiraqw ndicho alichonyonya. Wala wa Hanang aliyelelewa kwa Kidatoga.

*Taswira ya akilini.* Mwanariadha hufumba macho na kuipita njia ya mashindano tangu mwanzo hadi mwisho: kona, kilima, mahali pa maji, na hata mahali pa kuanguka. Faida kubwa haitokani na kujiona kwenye jukwaa la washindi, bali na kuona tatizo na kujua utakachofanya. Mpango wa namna ya «likitokea hili, nitafanya lile» huipunguzia akili mzigo wa kuamua katikati ya tabu.

*Malengo.* Nafasi ya mshindi haimo mikononi mwa mkimbiaji, kwa kuwa wako wengine. Lengo lililo mikononi mwake ni mwendo wake, mkao wake, maji yake, pumzi yake. Bayi alipoamua kuongoza tangu mwanzo mjini Christchurch, hakuwa anasubiri wengine wafanye nini. Alikuwa akitekeleza mpango wake, na wenzake wakalazimika kuufuata.

Vifaa hivi havina siri wala uchawi, na havimhusu mkimbiaji peke yake. Mgonjwa anayejifunza kutembea tena baada ya kuvunjika nyonga, mama anayeogopa uchungu wa uzazi, mwanafunzi anayetetemeka mbele ya mtihani, na mgonjwa wa kisukari anayechoka kujichoma sindano kila siku, wote wanaweza kuvitumia. Hapo ndipo mwanariadha mstaafu anapoweza kuwa mshirika wa zahanati.

Maumivu ya namna mbili

Mkufunzi na mhudumu wa afya wakikubaliana juu ya jambo moja tu, na liwe hili. Kuna uchovu wa kazi na kuna maumivu ya jeraha. Uchovu wa kazi huenea katika misuli ya pande zote mbili, huongezeka kwa kasi na hupungua kwa mapumziko, na kesho yake au keshokutwa huwa umekwisha. Huo ndio unaovumiliwa na kuzungumzwa kwa maneno ya kujitia moyo.

Maumivu ya jeraha hukaa mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Huchoma au hukata, huongezeka kila hatua, hubadilisha namna ya kutembea, huvimbisha, au humwamsha mtu usiku. Hapo mazoezi yasimame. Mfupa unaobebeshwa mzigo uleule kila siku bila mapumziko unaweza kupata ufa usioonekana kwenye picha za mwanzo, na ufa huo ukipuuzwa huvunjika kabisa. Vivyo hivyo, mkimbiaji anayebanwa kifua, anayezimia, au anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka juani, asitiwe moyo aendelee. Asimamishwe, apozwe, apelekwe kwenye huduma.

Kwa wasichana kuna dalili nyingine ambayo makocha huikwepa kwa haya. Hedhi inapokatika kwa miezi kwa mkimbiaji asiye mjamzito, mara nyingi mwili unasema kwamba chakula anachokula hakitoshi kwa kazi anayofanya. Mifupa hudhoofika kimya kimya, hali ya moyo huwa nzito, majeraha huongezeka. Wako wanaoihesabu hali hiyo kuwa ishara ya mazoezi mazuri. Siyo. Ni sababu ya kumwona tabibu, na mkufunzi mwanamke aliyekimbia zamani huweza kuuliza swali hilo pale ambapo kocha mwanamume hulimeza.

Mahali ambapo mkufunzi hunyamaza na kumwita tabibu

Ukufunzi wa utayari wa akili humsaidia mtu mzima wa afya afanye vizuri zaidi. Tiba ya afya ya akili humsaidia mtu anayeugua apone. Kazi hizi mbili ni majirani, lakini uzio upo.

Kipindi ambacho mwanariadha huwa hatarini zaidi ni pale anapoumia kwa muda mrefu, anapoachwa nje ya timu, au anapostaafu. Siku moja watu walimwita kwa jina lake uwanjani. Siku inayofuata hakuna anayepiga simu. Aliyejitambulisha maisha yake yote kuwa mkimbiaji hujiuliza yeye ni nani. Wengine hujituliza kwa pombe. Wengine hujifungia. Familia husema amekuwa na kiburi, au amelogwa.

Maswali 2 rahisi humsaidia yeyote aliye karibu naye. Katika wiki 2 zilizopita, je, amekuwa akijisikia huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, mambo aliyoyapenda yamepoteza ladha? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka kwa mhudumu wa afya kwa uchunguzi kamili. Dalili nyingine ni usingizi uliovurugika, kupungua uzito, hasira zisizo za kawaida, maumivu ya kichwa au tumbo yasiyoonekana sababu, na pombe inayoanza asubuhi.

Akisema kwamba afadhali asingekuwepo, aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake, dawa za mashambani na kamba ziondolewe karibu yake, na afikishwe kwenye huduma siku hiyo hiyo. Hapo si mahali pa hotuba ya uvumilivu, wala pa kumkumbusha habari ya Akhwari.

Hanang baada ya matope

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo yaliteremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi walipoteza nyumba, mifugo na ndugu. Jeraha la namna hiyo halionekani kwenye picha ya eksirei. Mtu huweza kuamka usiku kwa sauti ya mvua juu ya bati miaka mingi baadaye.

Tukio hilo linatupa kipimo cha mahali pa mkufunzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaoweza kufundishwa kwa mtu yeyote mwenye utulivu, na kiini chake ni vitenzi 3: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani anahitaji maji, blanketi au tabibu. Sikiliza pasipo kulazimisha. Unganisha mtu na familia yake na huduma zilizopo. Mwongozo haumtaki msaidizi amshurutishe aliyeokoka kusimulia yote aliyoyaona, kwani kumlazimisha mtu arudie tukio kunaweza kumdhuru. Mwanariadha anayeheshimiwa kijijini, akifundishwa mambo haya, huweza kuwakusanya vijana kwa mazoezi mepesi, kuwarudishia ratiba ya siku, na kumtambua anayezidi kuzama. Hawezi kutibu kiwewe, na hapaswi kujaribu.

Kutoka neno hadi kazi

Si lazima tuanze na majengo. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioshirikisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosaidiwa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo, usimamizi, na mahali pa kumpeleka aliyewazidi uwezo. Mambo hayo 3 ndiyo siri ya kazi, na ndiyo yanayomtenganisha mkufunzi na mpiga porojo.

Mbulu na Hanang zina sehemu kubwa ya vinavyohitajika. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo Wilaya ya Mbulu tangu mwaka 1955, imekuwa ikiwahudumia watu wenye magonjwa ya akili na kifafa kwa miaka mingi. Katesh ina hospitali ya wilaya. Vijiji vina zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Na karibu kila tarafa ina mwanamume au mwanamke aliyewahi kuvaa jezi ya taifa au ya mkoa, ambaye watoto humtazama anapopita. Kinachokosekana ni uzi wa kuwaunganisha.

Kwa mhudumu wa afya, tunapendekeza hatua 4. Mtafute mkimbiaji mstaafu wa eneo lako umwalike kituoni, si kwa hotuba, bali kwa mazungumzo ya kazi. Mfundishe dalili za jeraha, za sonona na za upungufu wa lishe. Mpe jina na namba ya mtu mmoja wa kumpigia anapopata shaka. Kisha kaeni pamoja mara moja kwa mwezi, mjadili aliyokutana nayo, mkitunza siri za watu.

Kwa mwanariadha anayetaka njia hii, anza kama Bassham: sikiliza wengine kabla ya kujisimulia. Usiahidi tiba. Usimpime kijana kwa kipimo cha ushindi wako. Usipokee siri ya mtu anayetaka kujidhuru na kuibeba peke yako.

Na kwa wewe unayesoma haya ukiwa kitandani au kwenye foleni ya kliniki, pengine na goti lililofungwa: kupumzika kwa amri ya daktari si kuacha mbio. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fanya zoezi la pumzi leo jioni, dakika 5, ukihesabu polepole. Kesho mwulize mhudumu wako ni hatua gani ndogo unayoruhusiwa kuongeza, uifanye hiyo, uiandike tarehe yake.